Winchi na kreni za meli: jinsi ya kurudi nyumbani na vidole kumi

Mkono wangu wa kushoto una vidole vitatu. Watoto wa mtaani kwetu Chumbageni wanaamini ni papa, nami nawaachia waamini hivyo, maana papa ana heshima kuliko ukweli. Ukweli ni uzi wa mkonge usiofika dhiraa moja.

Tulikuwa gatini, kule tezi, yaani nyuma ya meli, tunakaza kamba za kufungia meli kwa winchi, ile mashine yenye ngoma ya kuvutia kamba. Kazi ya watu watatu, tulikuwa wawili, na mwenzangu kaitwa kwenda kushika ngazi. Mkono wa kuendeshea winchi ile ulikuwa na springi: ukiuachia unarudi katikati, winchi inasimama. Mimi nikaufunga kwa uzi ubaki mbele, winchi ijizungukie yenyewe, nikaenda kuvuta kamba kwenye ile ngoma ndogo ya pembeni. Kamba ikapandana, glavu ikabanwa chini ya mzunguko, na kitu pekee cha kuisimamisha winchi kiko hatua nne kutoka kwangu, kimefungwa vizuri kwa fundo langu mwenyewe. Mpishi ndiye aliyesikia ukelele akaja kukata uzi kwa kisu cha vitunguu.

Sasa mpwa wangu kapata meli yake ya kwanza, meli ya mizigo mchanganyiko yenye kreni mbili zake yenyewe, na dada yangu kanituma nizungumze naye. Nimezungumza. Lakini kijana wa leo neno haliingii mpaka alione kwenye simu, basi naandika, na wengine wanaoanza kazi ya sitaha wasome humo humo.

Kabla mzigo haujaondoka chini

Mpwa, maamuzi yote unayafanya mzigo ukiwa bado chini. Ukishaning'inia, wenye amri ni uzito, upepo na mawimbi. Wewe unabaki kuubembeleza tu. Kwa hiyo muda wako mwingi utumie kabla ya kunyanyua, hata foromani akikuona mzembe.

Anza na herufi SWL. Utazikuta zimeandikwa kwenye mkono wa kreni, kwenye kulabu, kwenye kapi, kwenye pingu (kile chuma cha umbo la U chenye pini), kwenye kibati cha slingi, yaani kamba, waya au mkanda wa kufungia mzigo. Huo ndio uzito wa juu kabisa kifaa hicho kinaoruhusiwa kubeba. Kwenye kreni angalia pia umbali wa mkono kwa mita: kreni inayobeba tani 25 mkono ukiwa karibu huenda inaruhusiwa tani 20 tu mkono ukilala mbali. Na mnyororo mzima, kuanzia kreni hadi pingu ya mwisho, unahesabiwa kwa kile kilicho dhaifu. Kreni ya tani 25 yenye pingu ya tani 3 ni kreni ya tani 3. Kifaa kisicho na maandishi hakinyanyui kitu, hata kama kimekuwa melini tangu enzi za babu.

Utamsikia mtu akisema: "Hii ilipimwa kwa tani 30, tani 28 itatushinda?" Ni kweli ilipimwa. Kreni ya hadi tani 20 hupimwa kwa kuongezewa robo ya uzito inaoruhusiwa kubeba, kwa hiyo ya tani 10 hubebeshwa tani 12.5. Ya kati ya tani 20 na 50 huongezewa tani 5, na ya zaidi ya 50 huongezewa asilimia 10. Lakini tani hizo za ziada ni za siku ya kipimo, mbele ya mkaguzi, polepole, bila bembea. Si akiba yako ya kuchota Ijumaa jioni.

Karatasi nazo ziombe uzione, hata kama wewe ni baharia wa kawaida. Mkataba namba 152 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, unataka vifaa vya kunyanyulia vikaguliwe kwa kina na mtu mwenye ujuzi angalau mara moja kila miezi 12, na vile vya melini vipimwe tena kwa uzito angalau mara moja kila miaka 5, na yote yaandikwe kwenye daftari lake. Tangu tarehe 1 Januari 2026 mambo yamekazwa zaidi: SOLAS, ule mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, sura ya II-1, imeongezewa kanuni ya 3-13 inayohusu kreni, dereki (milingoti ya kunyanyulia mizigo kwa winchi) na hata zile winchi kubwa za kushughulikia nanga. Vifaa vilivyofungwa melini kabla ya hapo vimepewa hadi ukaguzi wa kwanza wa kuhuisha cheti baada ya tarehe hiyo. Chombo kidogo cha pwani huenda SOLAS isikiguse, lakini waya haujui chombo chako kina ukubwa gani.

Waya

Hapa nitakaa kidogo, maana waya ndio unaoua wengi na ndio unaotoa taarifa mapema kuliko vyote, ukitaka kuusikiliza.

Usiupapase kwa mkono mtupu. Chukua kitambaa kikuukuu cha pamba, uzungushie, umwambie mwenzako aufungue waya polepole kabisa, huku wewe umesimama mbali na ngoma na mbali na kapi. Palipo na uzi uliokatika, kitambaa kitakwama na kuacha nyuzinyuzi zake. Simamisha winchi, futa grisi, hesabu.

Kuhesabu kuna kanuni. Pima unene wa waya kwa kalipa, ukishika pale unapotokeza zaidi, si bondeni. Tuseme ni milimita 20. Zidisha mara kumi: milimita 200, pungufu kidogo ya shibiri yako. Ndani ya urefu huo, nyuzi zilizokatika zisizidi asilimia 5 ya nyuzi zote za waya. Waya wa misuko 6 yenye nyuzi 19 kila mmoja una nyuzi 114, asilimia 5 yake ni tano na ushee. Ukihesabu sita, kazi ya waya huo imekwisha. Usiukate ukaufanya slingi, usiupeleke nyumbani ukaanikia nguo kabla hujamwonyesha chifu ofisa.

Mengine hayahitaji hesabu. Waya uliojikunja ukapata kinundu, hata ukiunyoosha ukanyooka, umeshavunjika ndani. Waya uliofumuka kama kikapu, uliobonyea, ulioungua rangi ya samawati kwa moto wa kuchomelea: toa. Kutu ya juu juu isikutishe, ila chomeka kitu butu ufungue misuko kidogo uone ndani. Ikitoka vumbi nyekundu kavu, hakuna mafuta humo, na waya unalika kutoka moyoni.

Na zile klipu za waya, zenye umbo la U na nati mbili, usizitumie kwenye waya wa kunyanyulia mzigo. Zitakusaidia kufunga waya wa kuzuia tu. Hata huko, ule upande wa kiti ukae kwenye waya unaobeba, na ile U ikae kwenye mkia. Nimeona meli nzima zimefungwa kinyume, klipu tatu kwa tatu, na kila moja inaukata waya taratibu kama panya.

Slingi na pembe zake

Makosa mengi ya slingi ni ya hesabu, si ya nguvu. Una bunda la mabomba la tani 4 na slingi ya miguu miwili, kila mguu umeandikwa tani 3. Unajiambia: nne kugawanya mbili ni mbili, tatu inatosha na chenji inabaki. Hiyo ni kweli miguu ikisimama wima tu. Ikitanuka pembe ya digrii 60 kati yake, kila mguu unabeba tani 2.3. Digrii 90, tani 2.8, na hapo umebakiwa na unywele. Digrii 120, kila mguu unabeba tani 4 nzima, kana kwamba mwenzake hayupo, na slingi yako ya tani 3 imeshaaga.

Hubebi kipimo cha pembe mfukoni, basi tumia macho. Umbali kati ya sehemu mbili ulizofunga ukilingana na urefu wa mguu mmoja wa slingi, hapo ni digrii 60, endelea. Umbali ukizidi urefu wa mguu kwa karibu nusu, umepita digrii 90: tafuta slingi ndefu zaidi. Slingi ndefu haigharimu chochote ila kutembea hadi stoo.

Kulabu iwe na ulimi wake unaofunga, usiofungwa kwa waya mwembamba ili usisumbue. Mdomo wa kulabu ukianza kutanuka, toa. Pingu iwe na pini yake yenyewe. Bolti ya gereji si pini, hata ikiingia sawasawa. Slingi za kitambaa ziwekewe kinga penye ncha kali, gunia lililokunjwa lafaa, na zikichanika zikatwe vipande siku hiyo hiyo. Usipozikata, kesho asubuhi utazikuta zimerudi kazini.

Winchi yenyewe

Kabla ya kazi, iendeshe tupu, mbele na nyuma, bila mzigo, usikilize. Winchi unayoijua ina mlio wake kama mashine ya kusaga ya jirani. Mlio ukibadilika, uliza. Kisha fanya haya, usiruke hata moja.

Sukuma mkono wa kuendeshea, uachie. Lazima urudi katikati wenyewe na winchi isimame. Ukikwama, winchi hiyo haifanyi kazi leo.

Bonyeza kitufe chekundu cha dharura winchi ikiwa inazunguka. Watu wanakiogopa kitufe hiki kama wanaogopa kumwamsha mzee. Kibonyeze kila siku, ujue kinasimamisha, na ujue kilipo hata gizani.

Tazama breki. Mafuta ya haidroli yakivuja juu ya kitambaa cha breki, breki inakuwa sabuni. Usifute tu ukaendelea. Mwite fundi wa injini.

Teremsha kulabu hadi pale chini kabisa kazi itakapofika, ngamani (tumboni mwa meli panapowekwa mizigo) au kwenye tishari (chombo bapa cha kubebea mizigo), kisha tazama ngoma. Pabaki angalau mizunguko mitatu ya waya. Ile pini inayoshika mwisho wa waya kwenye ngoma haikutengenezwa kubeba mzigo. Anayebeba ni msuguano wa ile mizunguko.

Pandisha kulabu polepole hadi swichi ya kikomo iikatize juu. Katika meli moja niliyofanya kazi, swichi hiyo ilikuwa inasumbua kwa maji ya chumvi, mtu akaibana kwa kipande cha waya ili kazi iende. Siku ya tatu mwendesha kreni alizubaa nukta moja. Kapi la kulabu likagonga kichwa cha mkono wa kreni, waya ukakatika, na kapi la zaidi ya kilo mia mbili likashuka kwenye sitaha likaacha shimo kama bakuli la uji. Watu wa sitaha walikuwa wamekwenda kunywa chai. Hiyo ndiyo sababu pekee ya kuwa hakuna msiba katika hadithi hii.

Meli za zamani utakuta dereki mbili zinafanya kazi kwa kushirikiana, moja juu ya ngama, nyingine juu ya gati, kulabu moja katikati. Hapo uzito unaoruhusiwa hushuka hadi kama theluthi moja ya ule wa dereki moja, na pembe kati ya nyaya mbili isizidi digrii 90 katika kazi ya kawaida. Usijifunze kazi hiyo kwa kusoma. Mtafute mzee.

Mtu mmoja wa ishara

Anayempa ishara mwendesha kreni ni mmoja, avae kizibao cha rangi yake, na mwendesha kreni asimtazame mwingine. Isipokuwa ishara moja: simama. Hiyo anaweza kuitoa yeyote, hata mpishi, na inatiiwa kwanza, maswali baadaye.

Kubalianeni ishara kabla ya kuanza. Makuli wa Tanga, wa Mombasa na wa Salalah hawachezeshi mikono sawasawa, na nimeona mtu akiaga wenzake kwa mkono kreni ikaelewa kingine. Mkitumia redio, neno likikatika katikati maana yake ni simama. Redio ikinyamaza, simama.

Sasa nyanyua shibiri moja tu, kisha simamisha. Shibiri hii ndiyo darasa lote. Mzigo umelala upande? Slingi imeteleza? Breki inashika, au mzigo unashuka kidogo kidogo wenyewe? Kuna kitu kimekwama chini? Hesabu hadi kumi. Kikiwepo chochote, bado uko shibiri moja kutoka chini na bado wewe ndiwe bwana. Mzigo uongozwe kwa kamba ndefu, isiyozungushwa kwenye kiganja, na wewe uwe pembeni. Chini ya mzigo hapapiti mtu, hata kwa kukimbia, hata akiwa nahodha. Na hapandi mtu kwenye kulabu kufupisha ngazi.

Mtikisiko nao uuogope. Mzigo ukiachiwa ghafla kwenye waya unaweza kuuvuta kwa nguvu mara mbili ya uzito wake au zaidi. Tani 4 zako zikawa 8, kwa sekunde moja, na sekunde moja inatosha.

Nanga nje, kusi likivuma

Hapa Tanga, kabla gati haijaongezwa kina, meli kubwa zilitia nanga nje ghubani na mizigo ikashushwa kwa kreni za meli kwenye matishari. Nimekulia kazini humo, marobota ya mkonge ya kilo 250 yakipanda, mabomba na nondo vikishuka. Bado ziko bandari nyingi ndogo zinazofanya hivyo, kwa hiyo jifunze.

Tishari linapanda na kushuka, meli inapinda kwa mwendo wake mwingine. Wakati wa kufunga mzigo, kulabu itakukimbia na kukurudia. Usiifuate kwa vidole. Ishike kwa kijikamba chake, iingize, toa mkono, ndipo uashirie. Kunyanyua, ngoja tishari lipande hadi kileleni mwa wimbi, kisha nyanyua bila kusita, tishari lishuke likiuacha mzigo hewani. Ukinyanyua linaposhuka, wimbi linalofuata litaupiga mzigo kutoka chini, au litakupa ule mtikisiko niliousema. Kushusha, mzigo ukishatua ongeza waya ulegee, maana tishari litashuka tena na usipolegeza litauning'iniza. Kuna siku za kusi ambazo hakuna ujanja wa hayo yote. Mzigo ukianza kubembea kuliko kamba zenu mbili zinavyoweza kuuzuia, funga kreni. Meli ikicheleweshwa siku moja inalipwa na mtu mwingine kabisa.

Kamba za kufungia meli

Winchi za kamba watu huzidharau kwa sababu hazinyanyui kitu. Mimi siwezi kuzidharau.

Kamba ya nailoni hujivuta kama mpira. Ikikatika hurudi kwa kasi isiyokupa nafasi hata ya kuinama, na hairudi kwa mstari ulionyooka: ikipita kwenye rola au bolardi, kila kona inabadilisha mapito yake. Meli nyingine zilichora sakafuni mistari ya rangi kuonyesha eneo la hatari. Mchoro huo unampa mtu imani kwamba nje ya mstari ni salama. Wewe hesabu sitaha yote ya kamba ni eneo la hatari kamba ikikazwa. Usisimame ndani ya kitanzi cha kamba, na usisimame kwenye mstari wake, mbele wala nyuma.

Breki ya ukanda ya winchi hizi hushika vizuri upande mmoja tu. Kamba ikizungushwa kinyume kwenye ngoma, breki inaweza kupoteza hadi nusu ya nguvu yake, na hakuna anayejua mpaka upepo uje usiku. Kwa kawaida breki hurekebishwa iachie kamba ikifika asilimia 60 ya nguvu ya kuikata, ili breki iteleze kabla kamba haijakatika. Kwa hiyo anayekaza breki kwa kuongezea bomba kwenye usukani wake anadhani anasaidia, kumbe ameondoa kinga.

Ngoma ya pembeni isimamiwe na watu wawili: mmoja kwenye mkono wa winchi, mmoja kwenye kamba, akiwa mita moja au zaidi nyuma, anaweza kumwona mwenzake uso kwa uso. Glavu inayokubana, mikono ya ovaroli iliyofungwa vifungo, pete ibaki kwenye kabati. Kamba ikipandana, kwanza winchi isimame, ndipo mkono uende.

Siku yako ya kwanza melini, mpwa, ukishaweka begi na kumsalimu bosini, msimamizi wa mabaharia wa sitaha, nenda tezi ukatazame mikono ya winchi. Usitafute uzi, watakuwa wameuondoa kwa ajili ya mgeni. Tafuta pete nyembamba ya chuma kinachong'aa chini kidogo ya kishikio, pale rangi ilipolika kwa kusuguliwa na uzi mara nyingi. Ukiiona, muulize bosini kwa adabu, mbele ya wenzake, nani husimama hapo mkiwa pungufu ya mtu mmoja.